Kenchi Zilizopita Katikati ya Kuta

Nyie mnaotoka vyuoni na kompyuta mgongoni, msinione nimekaa hapa kibarazani Tunduma nakunywa chai yangu mkadhani nilizaliwa nimestaafu. Nimechora ramani za majengo miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Nimechora kwa penseli, nimechora kwa wino, na mwishoni nikachora kwa kompyuta, kazi niliyofundishwa na msichana ambaye ningeweza kumzaa. Leo nataka niwasimulie mchoro mmoja tu, ule ulionitia aibu mbele ya kijiji kizima na nusura umharibie jina mtu asiye na kosa. Ila mtanivumilia nikizunguka kidogo. Mimi hata nikitumwa chumvi dukani lazima nipitie kwa jirani.

Aliyenitia kwenye kazi hii ni Mzee Silwimba, mchoraji mkuu wa ofisi ya ujenzi nilikoanzia. Mtu mkali huyo! Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kugusa kalamu ya wino, nilichonga penseli zake tu. Ukichora mstari ukapitiliza kona hata kidogo, anakuja na wembe, anakwangua wino taratibu kwenye karatasi huku anakutazama wewe, wala haitazami karatasi. Nilikuwa najiuliza huyu mzee anaonaje anachokwangua. Jasho la kiganja likidondokea karatasi alikuwa anasema, "Binti, umeshanyeshea nyumba ya watu kabla haijapauliwa."

Yeye ndiye aliyenifundisha mchoro wa isometriki. Msitishwe na jina. Ni mchoro unaoonyesha jengo kwa pembe, pande mbili na juu kwa mara moja, kama unavyoliona boksi la sabuni lililowekwa mezani kona ikikuelekea. Mistari ya kusimama inasimama. Ya kulala unailaza kwa nyuzi thelathini, kushoto na kulia. Kila mstari wa pande hizo tatu unauchora kwa urefu wake wa skeli, bila kupunguza. Ukuta wa mita sita, kwa skeli ya moja kwa ishirini, ni sentimita thelathini za rula, hata kama umelala. Mistari ya mshazari ndiyo inayodanganya. Mteremko mmoja wa paa utaonekana mrefu, wa pili mfupi, na yote miwili ni uongo. Kwa hiyo fundi anapima mbao ya chini, anapima nguzo ya katikati, anazipanga chini, na urefu wa mteremko unajipata wenyewe.

Mzee Silwimba alikuwa hapendi namba kwenye mchoro wa aina hii. "Weka rula upate jengo," alikuwa anasema. "Namba ni za wachoraji wasiojiamini." Nami nikalishika neno hilo kama sala ya jioni. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona limekosea, kwa sababu mkononi mwangu halikukosea.

Baadaye biashara ikafunguka. Wenye umri wangu mnakumbuka Tunduma ilivyofumuka, mahali pa vibanda pakawa na maghala, nyumba za wageni na maduka ya ghorofa, na malori yamejipanga kuelekea Zambia mpaka unashindwa kuvuka barabara. Nikaacha ofisi ya watu, nikafungua yangu nyuma ya soko. Wateja nilipata, ila ramani walikuwa hawaielewi. Mzambia mmoja alivuka kutoka Nakonde, akaikodolea macho ramani ya duka lake robo saa nzima, akasema kwa upole, kwa heshima ya lugha ya kwao, "Mukwai mama, sasa hapa mimi naingilia wapi?" Mlango ulikuwa chini ya kidole chake.

Rehema alikuja ofisini kwangu ametoka chuoni, na laptop, na ushungi umefungwa vizuri, na adabu zake. Baba yake ni Mrangi wa Kondoa, mwenye malori, alihamia hapa zamani. Kazi ya kwanza ya Rehema ilikuwa ghala la huyo huyo baba yake. Akaliunda lote ndani ya kompyuta, kuta na paa na milango, kisha akaprinti picha yake kama jicho linavyoona, yaani vitu vya mbali vinakwenda vikipungua. Baba akaishika ile karatasi, akavaa miwani, akavua.

"Rehema," akasema, "mbona huku nyuma mmenipunguzia kiwanja?"

"Baba, hakijapungua. Ni macho tu, cha mbali kinaonekana kidogo."

"Macho yangu ni mazima. Mbele papana, nyuma pembamba. Hii ni ghala au jeneza?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Ndipo nikamwambia Rehema, mwanangu, hawa watu wape isometriki, mistari isiyopungua. Akaniuliza kama najua kuichora. Nikamjibu, wewe unamuuliza nani? Akasema basi twende wote, mimi nimpe jicho, yeye anipe mashine.

Jamani, ile mashine! Kipanya kilikuwa kinanikimbia kama kimeona paka. Nilikuwa nakinyanyua hewani nikidhani mshale utapanda juu. Rehema hakuwahi kunicheka mbele yangu, lakini nilikuwa nasikia mabega yake. Mchoro wangu wa kwanza ulitoka mistari yote unene mmoja, ya mbele na ya nyuma, usijue ukuta uko wapi na hewa iko wapi. Wa pili nikasahau kuficha mistari ya nyuma, nyumba ikaonekana mpaka utumbo. Wa tatu nikapandikiza miti ya kompyuta uani ili ipendeze, kumbe kila jani lina mistari yake. Printa ikakohoa mchana kutwa, ikala wino wote, ikatoa karatasi nyeusi.

Nikajifunza hata hivyo, tena nilijifunza vizuri, nasema mwenyewe. Kwanza unasafisha modeli yenyewe, yaani lile jengo la ndani ya kompyuta. Ukuta uliopandana na mwingine unatoa mistari miwili, na pengo dogo usiloliona linatoa kijistari kinachoning'inia kama uzi wa gauni. Unazima rangi na vivuli. Unazima ule mtazamo wa kupungua. Unageuza jengo mpaka pembe tatu zikae sawa. Halafu unapanga unene: mstari unaozunguka jengo zima uwe mnene, kona zinazokutana mwembamba kiasi, na matofali au bati mwembamba kabisa, usikike tu kwa mbali. Ukitaka watu waone vyumba, unang'oa paa na kuliinua juu kidogo, hapo hapo lilipo. Siku nilipotoa mchoro wa nyumba ya wageni namna hiyo, safi, mistari imetulia, nilisimama na kupiga vigelegele peke yangu ofisini. Rehema akaitikia. Tulikuwa kama tumeozesha mtu.

Kiburi kikanipanda, sitaficha. Nilijiona nimechukua kazi ya Mzee Silwimba nikaiongezea umeme.

Sasa niwapeleke Mbebe, huko juu Ileje. Miaka michache kabla mkoa wetu haujakatwa kutoka Mbeya, wananchi wa huko walikuwa wanajijengea nyumba ya kujifungulia, maana akina mama walikuwa wanashushwa milimani kwa machela kufuata wodi, na si wote waliofika. Matofali walichoma wenyewe. Miti ya mbao walitoa wenyewe, na mingi ilitoka kwa Bibi Tuponile, mjane mmoja mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Ilikuwa ni misindano aliyoipanda marehemu mumewe. Mimi nilipewa kuchora, nikachora bure, kwa moyo wangu.

Kenchi za paa, zile pembetatu za mbao zinazobeba bati, alizitengeneza Fundi Kibona, seremala wa pale pale. Kuta zilikuwa bado zinapanda, kwa hiyo yeye akafanyia kazi nyumbani kwake, ng'ambo ya bonde, karibu na walipopasulia mbao. Ramani yenye namba alikuwa nayo mwashi. Fundi Kibona nilimchorea karatasi yake mwenyewe, kenchi moja kwa isometriki, imetoka kwenye modeli, imeprintiwa kwa skeli ya moja kwa ishirini. Mistari mizuri hiyo, hata namba moja sikuweka. Nikampa na rula ya skeli.

"Fundi," nikamwambia, "pima ya chini, pima ya kusimama. Mteremko usiupime, utajipata."

"Nimekuelewa, mama. Kama ilivyo kwenye karatasi."

"Kama ilivyo kwenye karatasi."

Siku ya kupandisha kenchi tulialikwa, mimi na Rehema. Kulikuwa na sherehe. Akina mama wamepika, wanakwaya wameimba, na wanaume wanashuka na kupanda bonde wakiwa na kenchi mabegani, kumi na moja, zimenyooka, viungo vimekaa, kazi ya mtu anayejua kazi. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Malawi. Wakaipandisha ya kwanza kwa kamba. Upande wa kushoto ukakaa juu ya ukuta. Wakaushusha wa kulia.

Ukashuka. Ukaendelea kushuka. Wa kushoto nao ukateleza, na kenchi nzima ikapita katikati ya kuta mbili, ikatua sakafuni kwa miguu yake, imesimama wima.

Watu walicheka kwanza. Mtu akasema wamepaulia kuku. Halafu kicheko kikaisha, kila mmoja akaanza kuhesabu kwa macho, na Bibi Tuponile akapaza sauti.

"Kibona! Mbao zangu ziko wapi?"

Fundi akasema hajui. Bibi akamuuliza lile benchi jipya mlangoni kwake ni la mbao gani, na banda la kuku je? Huku kwetu vipande vinavyobaki ni halali ya fundi, kila mtu anajua, hakuna anayehoji kipande cha shubiri mbili. Lakini vya Kibona vilikuwa na urefu wa mita moja na zaidi, kumi na kimoja, vinalingana. Yeye alidhani wapasuaji waliachia akiba. Nani angemwamini? Watu wakaanza kunong'ona kwa Kindali. Kindali changu ni cha kuombea maji, lakini neno la mwizi nalijua.

Fundi Kibona akavua kofia, akaiacha chini. Akatoa karatasi yangu mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne, akanijia nayo.

"Mama Atu, nilipima kama ulivyosema."

Nikaweka rula. Mbao ya chini, mita sita, ilipaswa kuwa sentimita thelathini. Ilikuwa ishirini na nne na nusu. Nikapima tena, nikapima nguzo, nayo fupi. Umbo lote sahihi, ila dogo.

Rehema alikuwa ameshafungua laptop juu ya rundo la matofali. Akaigeuza ile kenchi kwenye skrini: ikitazamwa uso kwa uso ni mita sita kamili, ikigeuzwa kona inapungua. Akaokota ubao mfupi, akaushika mbele yangu. "Tazama, mama. Ukikuelekea ubavu, unauona wote. Nikiuzungusha hivi, unafupika. Kompyuta inachora inavyoona. Mita moja inaitoa kama sentimita themanini na mbili." Hapo ndipo nilipoelewa. Mkono wangu na wa Mzee Silwimba ulikuwa unachora ile mistari kwa urefu wake kamili, haukufuata jicho. Mashine haikuwa na desturi yetu, na mimi sikuwahi kuiwekea rula hata siku moja. Rehema naye hakujua kama kuna watu wanapima karatasi, kwao chuoni walikuwa wanasoma namba. Kosa hilo lingeweza kufanywa na mchoraji mmoja tu, bibi wa wembe aliyejifunza kipanya.

Rehema akanisogelea sikioni. "Mama, niliyeprinti ni mimi. Niseme ni mimi? Mimi mgeni, nitaondoka, hawatanikumbuka."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kumwambia sema. Tena kulikuwa na njia rahisi zaidi, kunyamaza tu. Pale hakuna aliyejua skeli ni nini. Ningekunja karatasi, nikatikisa kichwa, nikashuka zangu Tunduma na heshima yangu, na Kibona angeishi Mbebe maisha yake yote na jina hilo, na watoto wake nao. Nilinyamaza. Kwa muda gani sijui, lakini ulitosha kumfanya yule fundi anitazame na kuinamisha kichwa. Aliona nimemwacha.

Hapo moyo ukanichoma kweli kweli. Nikapanda juu ya matofali, mimi na magoti yangu haya.

"Jamani wa Mbebe! Bibi Tuponile, nisikie. Huyu hajaiba hata kibanzi. Nilimpa karatasi mbovu, akaifuata sawasawa. Mwenye kosa ni mimi niliyechora. Kama kuna wa kumtukana, mtukaneni mimi."

Basi nikatukanwa. Msidhani walipiga makofi. Bibi Tuponile alinipa maneno yangu yote, akamtaja marehemu, akataja mti mmoja mmoja, akaniuliza kama mimi nilizaliwa kwenye karatasi. Nilisimama nikayapokea. Alipochoka akakaa chini akalia, nami nikashuka nikakaa pembeni yake nikalia pia. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Fundi Kibona ndiye aliyetuamsha. "Mbao hazijafa," akasema. "Zimekatwa tu. Vipande vipo."

Akatuma nyumbani. Mke wake akalibomoa benchi kwa mikono yake, na banda la kuku likafuata, kuku wakatawanyika bondeni. Vipande vyote kumi na kimoja vikarudi, na tuliporudisha kimoja kwenye mbao yake, mishipa ya mti ilikutana pale pale ilipokatwa. Bibi Tuponile aliinuka akaja kukipapasa kile kiungo kwa kidole. Kisha akamsogezea fundi kofia yake iliyokuwa chini.

Nikakaa Mbebe siku nane. Nikatandaza majivu sakafuni mwa ile nyumba, nikachora kenchi nzima kwa ukubwa wake wenyewe, kwa kamba na mkaa, na kando ya kila mstari nikaandika namba kubwa ambayo mtu angeisoma amesimama. Fundi akaunga mkia kwa mkia, akapigilia ubavuni mbao za kushikilia, pande zote mbili, misumari ya inchi nne. Mbao hizo kila kaya ilileta yake, nyingine zilitoka kwenye kitanda cha mtu. Nguzo fupi na miteremko tukabadilisha kwa mbao za michango, na zile za zamani zikawa vishikizo vya ndani ya kenchi. Mhandisi wa wilaya akapanda kukagua, akatuambia viungo visikae mahali pamoja, tukavipishanisha. Rehema alikuwa akiandika kila namba kwenye modeli, na tangu wiki hiyo hatukuwahi kutoa isometriki bila vipimo. Pembeni tulikuwa tunaweka maneno: usipime kwa rula, soma namba. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Na kabla hamjampa fundi karatasi, wekeni rula nyie wenyewe, hata kama mashine imewaahidi mbingu.

Kenchi ya kwanza ilipokaa juu ya kuta zote mbili hakuna aliyeshangilia, waliogopa. Ya kumi na moja ilipokaa, kwaya ilianza bila kuambiwa. Bati la mwisho lilipigiliwa asubuhi, na mvua ikaja alasiri ile ile.

Tulisimama ndani tukiisikiliza. Fundi Kibona akachukua penseli yake pana ya useremala, akapanda ngazi mpaka kwenye ile kenchi ya kwanza, na upande wa chini wa mbao akaandika kwa herufi za kukoleza: MBAO ZOTE ZIMO HUMU. FUNDI KIBONA. Akashuka, akanipa penseli, akanishikia ngazi. Hakuniambia niandike nini.

Nikapanda. Nikaandika: KOSA LA MCHORO NI LANGU. MAMA ATU WA TUNDUMA.

Dari hawakuwahi kuweka. Nesi wa pale ananiambia kitanda cha kujifungulia kiko chini ya mbao hiyo hasa, na mama aliyelala pale hana kingine cha kutazama. Uchungu ukizidi anawaambia wasome kwa sauti. Wanasoma jina la fundi, wanasoma na langu, wanarudia tena na tena, mpaka mtoto analia.